Siku Tatu Mto Uliposimama

Saa kumi na mbili kasorobo, kabla ya maziwa kuvuka daraja
kwa baiskeli, mitungi ikigombana,
mimi nimeshashuka ukingoni, viatu mkononi.
Kazi yangu ni kusoma.
Si kitabu. Ni rula ya chuma, nyeupe kwa nyeusi,
imechimbiwa chini ya daraja la Nzoia,
imeliwa na kutu kiunoni.
Natazama mahali maji yalipoikata, naandika:
mbili nukta nne sifuri.
Natuma kwa simu, naosha matope,
napanda kwenda kuchemsha chai.

Hapa Mumias wananiita Bi Nukta.
Wengine wanadhani nashona nguo.

Wageni huja wakitafuta historia.
Wanapiga picha msikiti, wanapiga picha makaburi,
na duka la Premji lenye 1931 kwenye paji la uso,
ambalo leo linauza mbolea na salio la simu.
Wanauliza misafara ilipiga kambi wapi,
pembe zililazwa wapi usiku.
Tunawaonyesha kiwanja chochote chenye kivuli.
Nani ajuaye? Bibi yangu alisema tu
kwamba Kiswahili kilifika huku kwa miguu,
kina malengelenge,
kikaomba maji, kikapewa, kikaoa.
Ndiyo maana kwetu mto ni mto mbele ya wageni
na ni omwalo tukigombana.

Zamani king'ora cha kiwanda ndicho kilichotuamsha,
harufu ya molasi ikatulaza.
Sasa king'ora kimenyamaza, miwa imekuwa mahindi,
kila nyumba inaamka kwa saa yake.
Mto tu ndio hakuna aliyeupa taarifa.
Unapita, rangi ya chai ya matangani,
umebeba ndala moja, mgomba mzima na mkungu wake,
na udongo wa mtu fulani wa Kitale
anayeamini bado ana shamba.

Baba, Rajabu Okwaro, aliisoma rula hii
miaka thelathini na mmoja.
Daftari zake zimo katika sanduku la bati, mvunguni mwangu.
Saba zake zina mkanda kiunoni.
Neno hakuandika hata moja.
Mafuriko hakuyaita mafuriko:
aliandika 5.85
na kalamu ikatoboa karatasi.

Usiku wa mvua nazisoma,
kama wengine wasomavyo barua za zamani.
Ndivyo nilivyoziona. Mwezi wa Mei,
siku tatu mfululizo, asubuhi na jioni:
3.12. 3.12. 3.12.
3.12. 3.12. 3.12.
Mei! Masika yamepamba moto,
mto hausimami hata kumeza mate!
Nikacheka peke yangu. Mzee, ulilala.
Mzee, uliidanganya serikali.
Kisha nikahesabu tarehe kwa vidole,
nikahesabu tena.

Zilikuwa siku za matanga ya mama.

Ukurasa hakuuacha wazi; hakuwa mtu wa kuacha wazi.
Aliuambia mto ungoje.
Nao, humo daftarini, ukangoja.

Chini huko Budalang'i kuna mwanamke nisiyemjua.
Nambari yangu ikipita nne, simu yake hulia,
naye hupandisha godoro darini, akafungua mbuzi,
akambeba mtoto mkubwa asiyetaka kubebwa.
Kwake mimi ni mlio.
Sijui kama siku zile tatu
kulikuwa na mtu kule aliyengoja mlio.
Hilo silo la kuulizwa maiti.

Juzi wameleta kifaa chenye kioo cha kunasa jua.
Kinajisomea, kinajiandikia, kinatuma chenyewe.
Kijana aliyekifunga, mpole, mwenye buti mpya,
aliniambia: pumzika sasa, mama,
betri yake ni ya miaka kumi.
Nikamuuliza: kikifiwa, hufanyaje?
Akacheka. Alidhani ni utani.

Leo asubuhi nimeshuka hivyo hivyo, viatu mkononi.
Mbili nukta nne tano.
Umepanda kidogo.